Wanafunzi wa sheria wanatoa kopi, mahabusu hawana wa kuwaelezea dhamana



Kila mwaka ikifika Julai utawaona mjini, vijana wa vyuo wamevaa mashati yaliyonyooshwa, bahasha ya kaki kwapani, wanazunguka maofisini kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wenyewe wanaita fildi. Wapo wa uhasibu, wa ualimu, wa uandishi wa habari, na wapo wa sheria. Leo naomba tuwaongelee hawa wa sheria, tena upande wa jinai peke yake, kwa sababu huko ndiko sisi watu wa mitaani tunakokutana na sheria. Kesi za mikataba ya madini na za mabenki zina wenyewe. Za kwetu ni simu ya wizi, ugomvi wa baa, pikipiki isiyo na kadi, uzembe na uzururaji, kete ya bangi.

Nitangulize kabisa kabla sijaulizwa: mimi sio mwanasheria. Nimeishia kidato cha sita, naandika vimakala vyangu huku na huku, basi. Ila polisi akikukamata haulizi kwanza kama umesoma sheria, kwa hiyo sioni kwa nini nisubiri digrii ndipo niisemee.

Hoja yangu ni moja. Nchi yetu ina vijana wengi wanaosomea sheria, na kila mwaka wanapewa wiki kadhaa wakajifunze kazi. Nchi hiyo hiyo ina watu wengi wamekaa mahabusu hawajui kesi yao imefikia wapi wala dhamana yao inataka nini. Makundi haya mawili hayakutani. Ukichunguza nani amewazuia wasikutane, humpati. Ila pia humpati aliyejisumbua kuwakutanisha.

BUTIMBA 2019

Wengi mnakumbuka Julai 2019, Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, alipoingia Gereza la Butimba kule Mwanza. Alisimama mbele ya wafungwa na mahabusu akawaambia semeni. Wakasema. Wako waliolalamikia kesi zinazotajwa tu na kuahirishwa, wako waliodai wamebambikiwa. Baada ya pale wakubwa wa mashtaka wakashuka kupitia majalada, na baadhi ya mahabusu wakafutiwa kesi wakarudi makwao. Desemba 9 mwaka huo huo, sherehe za Uhuru zikiwa Mwanza, Rais akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533.

Watu walishangilia na mimi nilishangilia. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini baada ya kushangilia tuulizane jambo: ile kazi ya Butimba ilihitaji Rais? Kilichofanyika pale mwanzoni kilikuwa kusikiliza. Wewe nani, ulikamatwa lini, unashtakiwa kwa kosa gani, mara ya mwisho ulipelekwa mahakamani lini, dhamana unayo au huna, kilichokwamisha nini. Hiyo ni kazi ya daftari na kalamu. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili anaiweza. Rais ni mmoja na magereza ni mengi, hatuwezi kumsubiri apite yote ndipo mtu ajulikane kwamba yupo ndani.

SHERIA YENYEWE INASEMAJE

Tuweke msingi kidogo, maana mambo haya yanatuhusu wote.

Katiba yetu, Ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji mpaka ithibitike ana hatia. Ukikamatwa na polisi, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Makosa mengi yana dhamana. Yapo yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema katazo hilo la dhamana linapingana na Katiba, watu wakadhani mambo yamebadilika, lakini Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Katazo likabaki.

Halafu kuna kundi la katikati. Ukishtakiwa kwa kesi ya fedha au mali inayozidi shilingi milioni 10, dhamana ipo, lakini sheria inadai uweke nusu ya thamani hiyo, kwa fedha taslimu au kwa mali.

Sasa mtu yuko ndani, hajui yuko kundi gani kati ya hayo matatu. Kama kosa lake halina dhamana, ndugu wanahangaika bure na wanaliwa hela na matapeli wanaojifanya wana mtu mahakamani. Kama kosa lina dhamana, anakaa ndani bila sababu kwa vile hakuna aliyemwambia alete nini. Hapo hatujafika hata kwenye swali la kama ametenda au hajatenda.

Na wakili je? Tangu 1969 tulikuwa na sheria ya msaada wa kisheria kwenye kesi za jinai, ila matunda yake aliyaona zaidi mtu mwenye kesi nzito kama ya mauaji. Mwenye kesi ya kuku alijitegemea. Mahakama za mwanzo, ambako ndiko kesi zetu nyingi zinaanzia, kwa miaka mingi wakili alikuwa haruhusiwi kabisa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, mawakili wakafunguliwa mlango pale ambapo mahakama inaongozwa na hakimu mkazi. Mlango umefunguliwa sawa, lakini dereva wa bodaboda anatoa wapi hela ya wakili?

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka huo, ikaifuta ile ya 1969. Hii sheria ni nzuri jamani. Imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu ambao sio mawakili lakini wamefundishwa kusaidia. Imeweka Msajili wa watoa msaada wa kisheria. Na imewataka polisi na magereza waweke utaratibu wa watoa msaada kuwafikia watu walioshikiliwa. Mwaka 2023 ikaja Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, wanasheria wakapita mikoani wakisikiliza watu bure. Kheri. Ila kampeni hupiga kambi siku chache ikaondoka, na karandinga linapeleka watu mahabusu kila siku ya kazi.

Kwa hiyo tusiseme sheria haipo. Ipo. Kilichopungua ni watu wa kuingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa.

KINACHOFANYIKA KWENYE FILDI

Nina mshkaji nilisoma naye sekondari, yeye akaendelea chuo akachukua sheria. Mwaka mmoja alipata fildi kwenye ofisi fulani hapa mjini, siitaji jina, na kwa kweli ziko nyingi za namna ile. Alikaa wiki nane. Alikuwa anatoa kopi, anapanga majalada kwenye makabati, anapeleka barua kwa miguu, na saa nne anatumwa chapati. Mwisho wa wiki ya nane kitabu chake cha fildi kikagongwa muhuri na kusainiwa kwamba amefanya vizuri sana. Nilipomuuliza umejifunza nini aliniambia, mwanangu, nimejifunza karatasi ikinasa kwenye mashine unafungua kile kimlango cha pembeni.

Tulicheka. Lakini miezi ile ile pale mtaani kwetu kulikuwa na kijana wa bodaboda yuko ndani. Alinunua simu ya mtu, kumbe ya wizi, akaunganishwa kwenye kesi ya kupokea mali ya wizi. Dhamana alipewa siku ya kwanza tu alipopandishwa kizimbani: wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni moja.

Mama yake anauza maandazi. Aliposikia "milioni moja" akaelewa kwamba anatakiwa kupeleka milioni mbili taslimu ndipo mwanae atoke. Akaanza kuchangisha. Alipita kwa majirani, akaenda kwenye kikoba chake, akapiga simu kijijini. Wiki tatu anachangisha hela ambayo hakuna mtu aliyemdai! Maana bondi ya namna ile ni ahadi ya maandishi. Mdhamini anaahidi kwamba mshtakiwa akikimbia ndipo yeye atadaiwa hiyo milioni. Isipokuwa mahakama imesema wazi fedha taslimu, hupeleki hela. Unapeleka mtu mwenye barua na kitambulisho.

Aliyemfungua macho ni huyo huyo mshkaji wangu wa kutoa kopi. Alikuja kijiweni jioni moja, stori ikafika hapo, akaenda kwa yule mama akamweleza kwa dakika kama kumi. Kesho yake mama akaenda kwa mwenyekiti kuchukua barua, na siku kesi ilipotajwa tena kijana akatoka. Ila pikipiki ilikuwa ya mkataba. Kwa wiki tatu hesabu haikupelekwa, mwenye pikipiki akaichukua akampa dereva mwingine, na miezi yote aliyokuwa ameshalipa ikapotea.

Hebu liangalieni vizuri jambo hili. Elimu ya kumtoa yule kijana ilikuwepo mtaani kwake, kwenye kichwa cha mwanafunzi ambaye chuo kilimtuma akafanye mafunzo, na mafunzo yakamweka kwenye mashine ya kopi. Kama angekuwa amepangiwa kukaa pale mahakamani asubuhi, na kazi yake ikawa ni kuwaeleza ndugu wa washtakiwa nini maana ya masharti ya dhamana, yule kijana angelala kwao siku ile ile. Na mwanafunzi naye angejifunza dhamana kwa namna ambayo hatasahau mpaka anazeeka.

KWA NINI HAWAENDI HUKO

Nimejaribu kuongea na wanafunzi kadhaa. Sababu wanazotoa zinaeleweka.

Ya kwanza ni hela. Mwenye mkopo wa Bodi anaweza kupangiwa fedha ya mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo anajitegemea nauli na chakula, na asasi za haki nyingi zinaishi kwa wafadhili, haziwezi kulipa kila kijana. Mtoto wa maskini analazimika kufanya fildi pale anapolala bure kwa shangazi, hata kama ni ofisi isiyo na kesi hata moja.

Ya pili ni kujuana. Nafasi nzuri zina wenyewe. Anayepeleka barua mapokezi na anayepelekewa barua na mjomba hawajibiwi sawa.

Ya tatu ni hadhi. Jinai inaonekana kazi ya njaa. Vijana wanataka benki, kampuni za simu, migodi. Siwalaumu, kila mtu anatafuta ugali. Lakini hata waendesha mashtaka na mahakimu wa kesho wanatoka humo humo, na huko ndiko ambako serikali inaajiri.

Ya nne ni woga. Mzazi akisikia mwanae yuko fildi kwenye asasi ya haki za binadamu anahisi mtoto ameingia siasa. Na ofisi zenyewe za dola nyingine zikimuona kijana na daftari zinadhani ni mpelelezi wa magazeti.

Ya tano, ambayo mimi naona ndiyo kubwa, ni kwamba hakuna orodha wala utaratibu. Mwanafunzi anaambiwa katafute. Akiandika barua ya kuomba kuingia mahabusu atajibiwa na nani, kwa siku ngapi?

Sehemu za kujifunzia zipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitivo cha sheria kimekuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960. Kipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, tangu 1995. Ipo TAWLA ya mawakili wanawake. Zanzibar kipo Kituo cha Huduma za Sheria tangu 1992. Hawa wamefanya kazi kubwa na wamepokea vijana wengi. Ila asasi chache haziwezi kumeza wanafunzi wa vyuo vyote vya sheria nchi nzima, halafu nyingi ziko mijini. Wa Sumbawanga na wa Nachingwea anafanyaje?

KILIO CHA 2022

Mnakumbuka kelele za Oktoba 2022 kuhusu Shule ya Sheria kwa Vitendo. Matokeo yalionyesha kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Nchi ilitikisika. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze. Kila mtu akawa na mchawi wake: wengine vyuo, wengine Kiingereza, wengine shule yenyewe.

Sisemi fildi mbovu ndiyo sababu ya yote, sina ushahidi huo. Nasema kitu kidogo tu. Mtu akisoma miaka mitatu au minne bila kukaa na mteja hata mmoja, bila kushika hati halisi ya mashtaka, bila kusikia hakimu akikataa mdhamini na kueleza kwa nini, halafu akaenda kwenye shule inayoitwa ya vitendo, atakuwa anaanza upya. Samaki mkunje angali mbichi.

Na hiyo ishu ya lugha nayo iangalieni. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini darasani wanasoma kwa Kiingereza. Mwanafunzi anajua vizuri sana maneno ya kitabu, ila mwambie amweleze bibi wa Mkuranga tofauti ya kufutiwa kesi na kuachiwa huru uone atakavyohangaika. Na tofauti hiyo ni kubwa: mtu anaweza kufutiwa mashtaka asubuhi na kukamatwa tena mlangoni kwa kosa lile lile, familia ikadhani ni uonevu au uchawi. Mahabusu ni mahali pa kujifunza kusema sheria kwa lugha ya watu.

MAJIRANI WAMEFANYAJE

Hatuhitaji kuvumbua gurudumu la kwetu, majirani wameshajaribu.

Uganda kuna Law Development Centre, ambako watu wanasomea uwakili baada ya digrii. Pale ipo kliniki ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1990, na mwaka 2004 zikatungwa kanuni za kuwaruhusu wanafunzi wa kozi hiyo kusimama mahakamani kuwatetea wasio na uwezo, wakisimamiwa na wakili. Mtoto aliyeiba kuku anapata wa kumsemea, na mwanafunzi anapata shule.

Kenya wana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, nayo imetaja vyuo vikuu vyenye kliniki za sheria kuwa miongoni mwa watoa msaada wanaoweza kutambuliwa. Kituo Cha Sheria cha Nairobi, ambacho kipo tangu 1973, wenyewe walikwenda mbali zaidi, wakawafundisha wafungwa wawe wasaidizi wa kisheria humo humo gerezani, ikiwemo Kamiti na Shimo la Tewa.

Malawi ndio walionifurahisha zaidi. Mwaka 2000 walianza na magereza manne. Wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili, wakawa wanaingia ndani kuwafundisha mahabusu mambo ya dhamana na mwenendo wa kesi, tena kwa michezo ya kuigiza: mmoja anakuwa hakimu, mwingine mshtakiwa, wengine wanacheka na kusahihisha. Mtu aliyekuwa anatetemeka kizimbani anajifunza kuomba dhamana kwa mdomo wake mwenyewe. Malawi sio nchi tajiri kuliko sisi. Kwa hiyo wale wa "hakuna bajeti" naomba watafute sababu nyingine.

PINGAMIZI NAZISIKIA

Najua kuna watakaosema tayari tunao mawakili vishoka wa kutosha, sasa unataka kuongeza. Hoja hiyo ni ya kweli na isipuuzwe. Mwanafunzi anaweza kumpotosha mtu. Akimwambia "kiri tu yaishe," na kosa lina kifungo cha miaka 30, ameshaua. Kwetu hapa kusimama mahakamani kama wakili ni mpaka uapishwe na Jaji Mkuu, na mimi sisemi tuondoe hilo kesho.

Ninachosema ni kazi ndogo yenye mipaka. Mwanafunzi aingie na fomu. Aandike tarehe ya kukamatwa, kosa, mahakama, tarehe ijayo, masharti ya dhamana, namba ya simu ya ndugu. Aeleze dhamana ni nini. Apige simu kwa ndugu, maana wako wanaokaa ndani familia inadhani wamekwenda machimboni. Jioni ampelekee wakili msimamizi fomu zote, na wakili ndiye aamue ipi inahitaji barua kwa mwendesha mashtaka, ipi inahitaji kwenda mbele ya hakimu. Mwanafunzi asipokee hata shilingi mia. Asimshauri mtu akiri wala akatae. Na asimuulize kama ametenda au hajatenda, hilo ni la wakili wake.

Wengine watasema natetea wezi. Ndugu zangu, aliyeibiwa naye yumo humu humu. Binti aliyebakwa anafika kituoni hajui kwamba anatakiwa apate PF3 na awahi hospitali, ameshaoga na kufua nguo, ushahidi umekwenda na maji. Shahidi anasafiri kutoka kijijini kwa nauli ya kukopa, anaambiwa kesi imeahirishwa, mara ya tatu haji tena, na kesi inafutwa. Mwanafunzi akikaa kwenye dawati la jinsia la polisi au mlangoni mwa mahakama, hawa nao watapata wa kuwaeleza. Haki jinai ina pande mbili, na pande zote mbili zina watu wasioelewa kinachoendelea.

Hata serikali inakubali kwamba mfumo una tatizo. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya kuangalia haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikakabidhi ripoti yenye mapendekezo ya ukamataji, upelelezi, mashtaka na magereza. Kabla ya hapo, mwaka 2022, sheria ilirekebishwa ili kesi nyingi zisifikishwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, ingawa makosa makubwa yaliachwa nje. Yote hayo ni mazuri. Lakini mabadiliko ya juu yanahitaji macho ya chini. Nani atajua kama wimbo wa "upelelezi haujakamilika" umepungua kweli, kama hakuna mtu anayekaa na mahabusu na kuandika tarehe?

NINGEOMBA HAYA

Vyuo vya sheria viweke angalau wiki mbili za lazima kwenye jinai, na vitoe orodha ya sehemu za kwenda. Barua iandikwe na chuo kwenda kwa mkuu wa gereza au hakimu mfawidhi, mtoto asitumwe peke yake kubembeleza.

Ofisi ya Msajili wa msaada wa kisheria itengeneze fomu moja ya nchi nzima na mwongozo wa kurasa mbili: mwanafunzi afanye nini, asifanye nini, anasimamiwa na nani.

Magereza watoe siku moja kwa wiki. Nao watanufaika, maana mahabusu wakipungua msongamano unapungua, na kazi ya kulinda inapungua.

Chama cha mawakili, TLS, kitoe wasimamizi. Wakili mmoja kwa wanafunzi kumi, masaa machache kwa wiki.

Na nauli. Jamani, nauli. Bila nauli jambo hili litakuwa la watoto wa wenye uwezo tu, na wale wanaotoka mitaa yenye mahabusu wengi ndio watakaoachwa. Mwanafunzi aliyekulia Tandale au Buguruni anajua kuongea na mama muuza maandazi kuliko aliyekulia geti kali.

Kwa wewe unayesoma sheria na unasoma hapa kwenye kafe, usisubiri hayo yote. Nenda mahakama ya mwanzo ya karibu yako. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani, hakuna kiingilio. Kaa nyuma, sikiliza wiki moja, utajua kinachokosekana.

Na wewe usiyesoma sheria, kariri maswali manne siku ndugu yako akikamatwa: kosa gani, lina dhamana au halina, masharti ni yapi, tarehe ijayo lini. Ukitajiwa bondi, uliza ni ya maandishi au ni fedha taslimu kabla hujaanza kuchangisha.

Nawaomba waliopita fildi za sheria watuambie hapo chini walifanya nini hasa, bila kutaja majina ya ofisi. Na kama yupo askari magereza au karani wa mahakama anayetusoma, atuambie kinachoshindikana ni nini. Huenda kuna kitu mimi sikioni kutokea huku nje.

Nawasilisha.